Mali bila daftari: Ushanga wa Koko na mawazo yetu yanayopotea

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipofunzwa methali hii shuleni, wengi wetu tulidhani inamhusu mwenye duka na mikopo yake ya sukari na mafuta ya taa. Leo nataka nikuonyeshe kwamba inamhusu pia msichana anayetengeneza shanga chumbani mwake mjini Kitengela, inamhusu nyanya mmoja wa Kajiado ambaye macho yake yameingia ukungu, na inakuhusu hata wewe ambaye juzi ulipata wazo zuri ukiwa ndani ya matatu na sasa hulikumbuki tena.

Mimi kazi yangu ni kuandika, lakini mikono yangu haipendi kukaa bure. Jioni watoto wakishalala, huketi mezani nikafinyanga shanga za udongo wa polima. Si biashara kubwa. Ni herini mbili tatu za kuwapa marafiki, mkufu wa shemeji, bangili ya mwalimu wa mtoto mwisho wa muhula. Hata hivyo, kazi hii ndogo imenifunza jambo ambalo chuo cha uandishi wa habari hakikunifunza vya kutosha, nalo ni namna ya kulishika wazo kabla halijatoroka.

UDONGO USIO UDONGO

Hebu kwanza tuelewane kuhusu udongo wenyewe, maana jina lake hudanganya. Udongo wa polima hauchimbwi mtoni wala bondeni. Ni unga wa plastiki, jamii ile ile ya plastiki inayotengenezewa mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainisho pamoja na rangi. Asili yake ni Ujerumani katika miaka ya 1930, nyumbani kwa Käthe Kruse, mwanamke aliyesifika kwa kutengeneza wanasesere. Binti yake, ambaye jamaa zake walimwita Fifi, ndiye aliyeushughulikia udongo huo hadi ukawa bidhaa ya kuuzwa, na jina la Fimo unaloliona kwenye pakiti limetokana na lake.

Ukitaka kujua tofauti yake na shanga nyingine, huna haja ya kusafiri mbali. Huko Karen, Nairobi, ipo karakana ya Kazuri iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili tu. Shanga za hapo ni za udongo wa kweli, unaofinyangwa, ukapakwa rangi na kuchomwa katika joko. Upande wetu wa Kajiado, kwenye nyika inayopakana na mbuga ya wanyama ya Nairobi, wapo mafundi wa vioo wa Kitengela. Kazi hiyo iliasisiwa na mama mmoja msanii, Nani Croze, na mwanawe Anselm akaiendeleza kwa kupuliza vioo. Wao huchukua vioo vilivyotupwa, vipande vya madirisha na chupa, wakaviyeyusha kuwa bilauri, taa na shanga.

Joko la udongo na tanuri la vioo huhitaji moto mkali sana, ambao mimi na wewe hatuwezi kuuwasha jikoni. Udongo wa polima hukomaa kwa joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi, kwa muda wa nusu saa au pungufu, kulingana na maagizo ya pakiti. Tanuri dogo la umeme la kuokea keki linatosha. Ndiyo sababu umewafaa watu wanaoishi katika nyumba za kupanga.

Namna ya kutengeneza ni hii. Ukande udongo kwa vidole hadi ulainike, kama unavyokanda unga wa chapati. Ufinyange vidonge vilivyo sawa, kisha uvitoboe kwa sindano nene au spoki safi ya baiskeli, ukizungusha polepole ili tundu lisipasuke upande wa pili. Panga shanga kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea. Zikishaoka na kupoa, zisugue kwa msasa laini ndani ya maji, nazo zitang'aa.

Mapambo mazuri zaidi hutoka katika kile ninachokiita gogo. Unapanga vijiti vya udongo wa rangi mbalimbali, kimoja kando ya kingine, mpaka mwisho wa gogo uonekane kama ua au jicho au ngao. Halafu unalibana na kulivuta lirefuke na kuwa jembamba. Ukilikata kwa wembe vipande vyembamba, kila kipande kina ua lile lile, dogo na kamili. Mafundi wa vioo wa Venice, Italia, walifanya hivyo hivyo kwa vioo karne nyingi kabla ya udongo huu kugunduliwa.

Nikuonye pia. Usitumie jiko la makaa, kwa kuwa huwezi kupima joto lake. Udongo huu ukiungua huwa mweusi na kutoa moshi mkali wenye tindikali, ambao si mzuri kwa kifua cha mtu yeyote, sembuse cha mtoto. Fungua madirisha. Trei ya shanga isiwe tena trei ya maandazi. Wala usiuache udongo mbichi juu ya meza ya mwenye nyumba, kwani utaharibu vanishi na utadaiwa.

REKODI ILIYOPORWA STENDI

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yangu. Mtaani kwetu kuna msichana mmoja wa Kimaasai, mwanafunzi wa chuo, ambaye jina lake nitalihifadhi. Alijifunza kazi hii haraka na akanipita mbali. Kilichowavutia wateja ni rangi moja aliyoibuni mwenyewe, wekundu wa ngeu, kama ule wa udongo ambao morani hujipaka. Hakuna pakiti inayouzwa ikiwa na rangi hiyo. Aliichanganya mwenyewe, nyekundu kiasi hiki, kahawia kiasi hiki, na tone la rangi ya machungwa.

Mwaka jana alipata oda ya herini jozi 40 za wasimamizi na jamaa wa arusi. Kwake hiyo ilikuwa karo ya muhula. Alimaliza jozi 12, akazipeleka, zikapendwa. Siku mbili baadaye akaporwa simu stendi ya matatu. Ndani ya simu hiyo ndimo zilimokuwa picha zake zote, vipimo vya rangi, na michoro ya mitindo aliyokusudia kuitengeneza. Hakuwa na nakala mahali pengine popote.

Alirudia ile rangi mara tisa. Mara ikawa nyeusi mno, mara ikawa kama nyanya mbivu. Jozi 28 alizopeleka zilirudishwa, kwa kuwa mwenye arusi aliona mara moja kwamba hazikufanana na zile za kwanza. Alikuja kwangu jioni hiyo na bakuli la shanga zilizokataliwa, akaniambia, "Anti, nikifumba macho rangi naiona kabisa. Nikifumbua, haipo."

Msomaji, maneno hayo yalinigusa. Ni mara ngapi nasi tumeliona jambo kichwani waziwazi, tukajiambia haliwezi kutupotea? Kichwa kinalipokea wazo, lakini hakitoi risiti.

KWA KOKO KAJIADO

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu, tukapita Isinya hadi Kajiado mjini, kisha pikipiki hadi kwa bibi yake. Nami humwita Koko, kama wajukuu wanavyomwita. Amepita miaka 70. Amewatungia ushanga mabibi arusi wengi wasiohesabika, lakini sasa ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili na sindano haioni tena. Alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho, asimkatize. Kisha akasema, "Leteni lile sanduku."

Ndani ya sanduku mlikuwa na mshipi wa ngozi wa zamani, umetonwa shanga, na ngozi yenyewe imekolea ngeu. Koko akaupapasa. "Rangi unayoitafuta hukuibuni," akamwambia. "Uliiona hapa ulipokuwa mtoto nakubeba." Msichana akatoa udongo wake kwenye mfuko, akaanza kuchanganya pale pale huku akilinganisha na mshipi. Mimi niliandika kila alichofanya. Ilipopatikana, daftari lilisema sehemu 5 za nyekundu, sehemu 2 za kahawia, sehemu 1 ya rangi ya machungwa. Mistari mitatu tu, na ndiyo iliyokuwa imegharimu karo ya muhula mzima.

Niseme ukweli kwamba oda ile haikurudi. Arusi ilikuwa imekwisha. Karo ililipwa kwa mbuzi wawili wa Koko. Lakini siku hiyo tulipata jambo jingine ambalo hatukulitarajia.

Nilipomsomea Koko vile vipimo, alicheka. Kwake, kuandika ushanga ni jambo la kushangaza, kwa kuwa vitabu ni vya watu wanaosahau. Nikamuuliza ni nani mwingine anayejua mitindo ya sanduku lile. Alinyamaza kidogo, kisha akataja majina ya wanawake wanne. Watatu wameshafariki.

Watu wa mjini hudhani ushanga wa Kimaasai ni rangi tu zilizotupwa pamoja zikapendeza. Sivyo. Nyekundu hutajwa kuwa ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa na usafi, buluu ni mbingu na maji, kijani ni majani ya malisho. Isitoshe, kila sehemu ya jamii ina mpango wake. Ilkaputiei wa huku Kitengela na Isinya hawapangi rangi sawasawa na Ilmatapato wa upande wa Namanga, wala Iloodokilani wa Magadi. Marika nayo hubadilisha mtindo, hivi kwamba mjuzi akiona mkufu anaweza kukisia ni wa watu gani na wa wakati gani. Koko aliniambia kwamba rangi mbili kali hazilali kitanda kimoja bila nyeupe kuzitenga.

Ukali huo wa mpangilio si wa jana. Joseph Thomson, Mskoti aliyeivuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alilazimika kusimama Taveta ili shanga alizobeba zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Wafanyabiashara wa misafara ya pwani nao walilijua hilo kwa moyo. Kila aina ya ushanga ilikuwa na jina lake, kama samesame nyekundu iliyotajwa na Richard Burton alipoandika safari yake ya bara ya 1857 hadi 1859. Aliyebeba rangi isiyotakiwa mahali alipokwenda alikuwa amebeba mzigo wa bure.

Tena shanga katika nchi hii ni za kale kuliko vioo vya Ulaya. Katika pango la Enkapune ya Muto, Bonde la Ufa karibu na Naivasha, wataalamu walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni za takriban miaka 40,000 iliyopita. Nyingine hazikuwa zimemalizwa. Fundi wake aliziacha njiani, nasi tunaweza kuona alifika wapi kwa kuwa kazi yake ilibaki. Wazo lililobaki kichwani mwake tu hatutalijua kamwe.

Basi tukaanza. Kwa muda wa miezi minne tulikwenda kwa Koko kila Jumamosi tulipopata nafasi. Msichana anashika mkufu na kuzitaja rangi kwa kupapasa na kuhesabu, Koko anasahihisha, mimi nachora kwa kalamu za rangi kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja ni ushanga mmoja. Mara nyingi Koko alisema "hapana" kabla hatujafika mwisho wa mstari, kwa kuwa aliisikia hesabu ikikosewa. Hadi sasa tuna mitindo 31.

Kuna mmoja ambao haumo. Tulipoufikia, Koko aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, akasema, "Huu si wa daftari." Ni wa sherehe fulani, nao hufundishwa mkono kwa mkono. Nilifunga kalamu. Kuweka kumbukumbu ni kazi njema, lakini mwenye mali ndiye anayeamua kipi kiandikwe na kipi kisiandikwe. Mjukuu wake atafundishwa huo bila karatasi, na ameahidi kujifunza.

SHERIA INASEMAJE?

Huenda unajiuliza kama daftari lina faida yoyote zaidi ya kukumbusha. Inayo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo lililo kichwani. Kazi hulindwa ikiwa imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloonekana. Kwa hivyo mwanafunzi anayebuni pambo lake mwenyewe, akalichora na kuweka tarehe, ana mahali pa kusimama siku akiona kazi yake dukani kwa mtu mwingine.

Urithi wa jamii nzima nao una njia yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista ya maarifa hayo. Jambo hili si mchezo. Katika mavazi yake ya wanaume ya mwaka 2012, kampuni ya Louis Vuitton ilitumia mtindo wa shuka za Kimaasai, na dunia nzima ikaona. Nayo serikali yetu mwaka 2017 ilianzisha mpango wa Ushanga Kenya kwa ajili ya wanawake wa kaunti saba za wafugaji, Kajiado ikiwemo. Yote hayo humfaa zaidi anayeweza kuonyesha, "Huu ni wetu, na hivi ndivyo unavyopangwa."

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa daftari letu hauna jina langu. Una jina la Koko, jina la jamii yake, na tarehe tuliyoanza.

UFANYEJE WEWE?

Pengine hutengenezi shanga. Labda unashona, unapika keki, unatunga mashairi, au una mwanao anayechora magari nyuma ya daftari la sayansi. Njia ni ile ile, na haina gharama kubwa.

Kwanza, uwe na daftari moja dogo linaloingia mfukoni au mkobani. Likiwa moja, utajua pa kutafuta. Ukiandika leo nyuma ya risiti na kesho kwenye kiganja, umeandika bure.

Pili, andika siku hiyo hiyo, kwa maneno machache, na uweke tarehe. Wazo likingoja kesho hukuta mwenye nyumba ameshasahau.

Tatu, andika vipimo, usiandike sifa. "Nyekundu nzuri" haimsaidii mtu. "Sehemu 5 kwa 2 kwa 1" humsaidia hata mjukuu ambaye hajazaliwa. Kama ni keki, andika vikombe na dakika.

Nne, tunza sampuli. Kila rangi mpya ninayochanganya, huoka ushanga mmoja wa ziada, nikautia kwenye uzi wenye kikaratasi cha nambari inayolingana na ukurasa wa daftari. Uzi huo umetundikwa ukutani, na rangi haiwezi kunibishia.

Tano, simu ni nzuri kwa picha, lakini isiwe ghala lako la pekee. Simu huanguka, huporwa na kuharibika. Piga picha kurasa za daftari umtumie ndugu au rafiki unayemwamini, ili kimoja kikipotea kingine kibaki.

Sita, mara moja kwa wiki lifungue ulisome. Daftari lisilosomwa ni kaburi tu. Mawazo mawili yaliyoonekana dhaifu yakikutana ukurasa mmoja, huenda yakazaa la tatu lenye nguvu.

Na la mwisho, ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee anayejua jambo ambalo wengine hawalijui, liwe ni dawa ya mifugo, wimbo wa kubembelezea mtoto au namna ya kusuka kikapu, mwombe ruhusa na uketi naye. Usingoje likizo ya Desemba. Msikilize anapokusahihisha, na akikuambia jambo fulani si la kuandikwa, uheshimu neno lake.

Koko amepangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho la kulia mwezi ujao. Tumemwombea mema. Ameniambia jambo la kwanza atakalofanya akiona tena ni kukagua daftari letu mraba kwa mraba, na kwamba palipo na kosa tutakiona cha mtema kuni. Mjukuu wake naye amepata oda nyingine ya jozi 25 katika rangi ile ya ngeu. Juzi aliniletea jozi ya kwanza na ya mwisho nizilinganishe kwenye mwanga wa dirisha. Nilishindwa kujua ipi ni ipi.